Sadaka ya Julai, Njaa ya Februari: Dini, Vikundi na Chakula Mwese

Katavi ni mkoa wa mahindi. Baada ya mavuno malori hupanga foleni Mpanda mjini, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) una vihenge vya chuma hapo, vilivyojengwa katika mradi ule ule wa mkopo wa Poland uliojenga vingine Sumbawanga, Songea, Makambako na kwingineko. Mgeni akipita njia ile mwezi wa saba na kuambiwa kwamba huku kuna njaa, atadhani anataniwa. Lakini Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulikuta karibu theluthi moja ya watoto wa Katavi wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Rukwa, mkoa ambao Katavi ilimegwa kutoka kwake mwaka 2012, ulikuwa na asilimia 49.8, Njombe 50.4, Iringa 56.9. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Mikoa tunayoisifu kwa kulisha nchi ndiyo inayoongoza kwa watoto waliodumaa.

Anayetaka kuzungumzia kumaliza njaa Mwese, kata moja ya mkoa huo, aanzie kwenye aibu hiyo. Hotuba nyingi huanzia kwingine: ukame, mafuriko, viwavijeshi. Hayo yapo na huja kwa zamu. Njaa ya Mwese haingoji janga. Huja kila mwaka kwa ratiba, kati ya Desemba na Machi, mvua ikiwa imekolea, shamba likiwa la kijani na debe likiwa tupu.

Mwese ni kata, na pia ni tarafa, katika Wilaya ya Tanganyika, upande wa magharibi wa Mpanda, kwenye nyanda za juu zinazopakana na misitu ya milima ya Ntakata. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mahindi, maharage na mihogo hustawi. Watongwe na Wabende ndio wenyeji wa kale wa ukanda huu. Wakaja Wanyarwanda, Waha na Wafipa, na katika miaka ya karibuni Wasukuma na ng'ombe wao. Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 564,604 katika Katavi nzima. Ya 2022 ikawakuta 1,152,958. Ongezeko la asilimia 7.1 kwa mwaka, kubwa kuliko la mkoa mwingine wowote Tanzania. Mkoa umejaa wageni, na mgeni asiye na shangazi wala mjomba wa kumkopesha debe la mahindi hutafuta kwanza mahali anapoitwa ndugu. Mara nyingi hapo ni kanisani au msikitini. Ndiyo sababu swali la chakula hapa haliwezi kujibiwa na maofisa kilimo peke yao.

Nitasema mapema ninachokiamini ili msomaji anipime njiani. Dini na vikundi vya maeneo kama Mwese havijapungukiwa huruma. Vinatoa, tena vinatoa sana. Tatizo ni kalenda: vinatoa wakati chakula kimejaa, vinagawana akiba mwezi mmoja kabla haijahitajika, na njaa inapofika mikono yote inakuwa mitupu kwa pamoja.

Meza ya viti vitatu

Mwese tunayoijua leo ni zao la ushirikiano wa kanisa na serikali. Mwaka 1964, uasi wa Mulele ulipowaka mashariki mwa Kongo, Wanyarwanda waliokuwa wamekimbilia Kivu waliamriwa kuondoka. Karibu 3,000 kati yao walisafirishwa kwa ndege hadi Tabora, kisha wakaletwa kwenye nyanda hizi ambazo majalada ya Umoja wa Mataifa yanaziita Mwezi. Mwaka huo huo Shirikisho la Walutheri Duniani lilianzisha chombo cha kuwahudumia wakimbizi nchini, Tanganyika Christian Refugee Service, TCRS. Mkataba ukawa wa pande tatu: Serikali itoe ardhi, Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa (UNHCR) litoe fedha, TCRS ifanye kazi.

Utaratibu huo ulikuwa na akili ambayo misaada mingi ya leo imeipoteza. Posho ilitolewa kwa muda, mpaka watu wavune. Pamoja na posho walipewa shamba, jembe na mbegu, kisha shule na zahanati. Ulipothibitika ukapelekwa kwenye makazi makubwa zaidi ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972: Katumba kwanza, halafu Mishamo mwishoni mwa miaka ya 1970, yote katika eneo lililoitwa Mpanda wakati huo. Makazi hayo yalifikia kujilisha, yakauza ziada ya mahindi na tumbaku, na TCRS ikayakabidhi kwa Serikali. Linganisha na kambi ya Nyarugusu huko Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mpaka leo watu wake wanaishi kwa posho ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, nayo imepunguzwa mara kadhaa wafadhili walipochoka. Waliofika Mwese na waliofika Nyarugusu walitoka ng'ambo ile ile ya Ziwa Tanganyika. Waliofika Mwese walipewa shamba.

Hata hivyo tusiipambe historia. Meza ya mkataba ilikuwa na viti vitatu, na hakuna hata kimoja alichokalia mkimbizi wala Mtongwe mwenye nchi. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliyeishi na Warundi wa Mishamo mwaka 1985 na 1986 alikuta watu walioshiba lakini wenye uchungu: waliona kwamba jasho lao linawatajirisha wengine kwa bei walizopangiwa na vyombo vya dola. Walikuwa na chakula. Hawakuwa na kauli juu ya chakula hicho. Na pengo hilo ndilo lililokuja kuwa kubwa baadaye, kwa raia na kwa wakimbizi.

Kwa maana bei ndiyo iliyoshikilia uchumi wa nyanda hizi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970, Shirika la Taifa la Usagishaji (NMC) lilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, awe mkulima wa Mpanda au wa Morogoro. Kwa mtu wa Mwese, aliye mbali na kila soko, hiyo ilikuwa ruzuku ya nauli. Utaratibu ulipovunjika katika miaka ya 1980, umbali ukarudi kumtoza. Vyama vya ushirika, vilivyofutwa mwaka 1976 na kurejeshwa kwa sheria ya 1982, havikupata tena nguvu ya kumtetea. Ikaja hali tuliyonayo: mlanguzi mwenye Fuso ndiye soko, barabara ya masika ndiyo bei, na rumbesa ndiyo mizani.

Hesabu ya mwezi wa pili

Tuiangalie njaa yenyewe inavyofanya kazi, maana hapa ndipo nia njema nyingi hupotea.

Kaya maskini huvuna kuanzia Mei. Ina madeni: mbolea, karo ya mtoto wa sekondari, matibabu, pengine mkopo wa kausha damu uliochukuliwa Januari kununulia unga. Mkopeshaji anadai wakati wa mavuno, na wakati wa mavuno ndipo bei iko chini kuliko miezi yote. Kaya inauza magunia mengi kulipa deni dogo. Wapo wanaouza mahindi yakiwa bado shambani. Kufika Novemba kilichobaki kimeliwa, kimetobolewa na dumuzi, au kimeshika ukungu. Ndipo baba na mama wanapokwenda kufanya vibarua: kulima na kupalilia mashamba ya wenye uwezo ili wapate debe la leo. Shamba lao wenyewe linapaliliwa kwa kuchelewa, nalo mwakani litatoa magunia machache zaidi.

Mzunguko huo hauvunjwi na gunia la msaada linaloletwa mwezi wa pili kwa gari lenye bango, ingawa gunia hilo likija lipokewe. Unavunjwa Julai, siku mkulima anaposimama kati ya deni na ghala.

Watafiti Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel waliliangalia jambo hili magharibi mwa Kenya, Bungoma, pamoja na wakulima wa shirika la One Acre Fund, na kuchapisha matokeo mwaka 2019. Wakulima walikopeshwa wakati wa mavuno, pale pale ambapo kila mtu hudhani hawahitaji mkopo. Walioupata waliweka mahindi, wakauza baadaye, wakapata faida. Na jambo ambalo mimi naliona kubwa zaidi: mahali ambapo wengi walikopeshwa, bei ya soko lote ilitulia, hata asiyekopa akanufaika. Hapa kwetu utafiti mwingine uliwagawia wakulima walio kwenye vikundi mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa. Kaya zenye upungufu mkali wa chakula katika miezi ya njaa zilipungua kwa zaidi ya theluthi. Mifuko tu. Hakuna trekta.

Sadaka inakwenda wapi?

Sasa tuingie kanisani na msikitini, na tuingie bila kunyata.

Ukanda huu umezoea dini yenye shamba na ghala. Karema, kando ya ziwa katika wilaya hii hii, Wamisionari wa Afrika walipokea boma la Wabelgiji mwaka 1885 na kulifanya misheni iliyokusanya waliokombolewa utumwani. Hapo ndipo Adrian Atiman, aliyewahi kuuzwa akiwa mtoto huko Afrika Magharibi na kusomeshwa udaktari Malta, alitibu watu kwa zaidi ya miaka sitini hadi kifo chake mwaka 1956. Leo Wakatoliki wa Mwese wako chini ya Jimbo la Mpanda, lililoundwa mwaka 2000. Waanglikana wa Katavi wana Dayosisi ya Ziwa Rukwa tangu 2010. Yapo makanisa ya Kipentekoste, wapo Wamoravian, ipo misikiti. Mtaji wa imani si haba.

Katika makanisa mengi ya Tanzania, baada ya mavuno huja ibada ya shukrani. Waumini huleta mahindi, maharage, kuku, ndizi, mbuzi. Ibada ikiisha hufanyika mnada. Kuku wa mjane ananunuliwa na mwalimu, mahindi yananunuliwa na mfanyabiashara, fedha zinaingia kwenye mfuko wa parokia au usharika, na nyingi zinakwenda kwenye bati, saruji na posho ya mtumishi. Sisemi ni dhambi. Paa la kanisa halijiezeki. Nasema tu kwamba siku ile ya mnada, tani za chakula zilizokuwa mikononi mwa jumuiya zinatoka kwa bei ya chini kuliko wakati wowote wa mwaka, na Februari jumuiya ile ile inatembeza kapu kutafuta unga wa mgonjwa kwa bei maradufu. Kanisa linarudia kosa la mkulima wake maskini.

Uislamu una sheria ambayo, ikitazamwa kwa jicho la lishe, imekaa vizuri ajabu. Zaka ya mazao ni asilimia 10 kwa shamba la mvua na 5 kwa la kumwagilia. Haingoji mwaka utimie, hutolewa siku ya kuvuna. Kiwango cha chini kinakadiriwa kuwa kilo 653. Na wa kwanza kustahili ni mafukara na masikini. Mkulima wa magunia ishirini ya kilo 100 atoe mawili. Magunia mawili yanaivusha kaya ya watu watano kwa miezi mitatu, karibu nusu kilo kwa mtu kwa siku. Lakini ukiuliza vijijini, zaka ya fitri inajulikana na kila mtoto, ya mazao inatajwa kwa nadra na inakusanywa kwa nadra zaidi. Fungu la kumi la Mkristo lina hesabu hiyo hiyo, nalo kwa wengi limegeuka kuwa bahasha ya fedha.

Kuna bahati ya kalenda ambayo haijatumiwa. Kwaresima huangukia kati ya Februari na Aprili kila mwaka, ndani ya miezi ya njaa au inapokaribia kwisha. Ramadhani inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka: mwaka 2026 ilianza wiki moja na Jumatano ya Majivu, na kuelekea 2030 Idi el Fitri itakuwa inaangukia Februari. Kwa miaka kadhaa mfululizo, Waislamu na Wakristo wa Mwese watafunga kwa hiari katika miezi ambayo jirani zao wanafunga kwa kukosa. Kama kuna wakati wa kuwa na ghala moja, ni huu.

Dini zote mbili zinamsimulia Yusuf na miaka saba ya shibe. Mahubiri huishia kwenye sifa za kuweka akiba. Msimulizi wa Biblia anaendelea mbele: njaa ilipokaza, watu walinunua nafaka ile kwa fedha, kisha kwa mifugo, kisha kwa ardhi yao, mwishowe kwa uhuru wao. Ghala lipo, watu hawakufa, na Farao akamiliki kila kitu. Nani anashika ufunguo wa ghala ni swali la zamani.

Vikundi, na Desemba yao

Vikundi vya Mwese vina majina ya kila aina, na vingi vimechipuka ndani ya dini. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliamua mwaka 1976 kwamba jumuiya ndogo ndogo ziwe kipaumbele. Kwa hiyo parokia ya kijijini ina makundi ya kaya jirani yanayokutana kila wiki na kujua nani anaumwa, nani kafiwa, nyumba ipi haikuwasha moto jana. WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, upo tangu 1972. Hakuna orodha ya Serikali inayoweza kushindana na macho hayo.

Upande wa fedha kuna VICOBA, yaani benki za jamii za vijijini, na ndugu zake. Wazo lenyewe lilitokea Niger, ambako mwaka 1991 shirika la CARE lilianza na wanawake wa Kihausa waliokusanya senti zao kila wiki. Likapita Zanzibar, likaenea bara. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Kuna hisa, kuna mikopo, kuna mfuko wa jamii wa msiba na maradhi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 ilivitambua kama daraja la nne, vikasajiliwa halmashauri. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata, hupitia vikundi vya namna hii.

Ni watu wanaoaminiana kwa hesabu, kitu adimu. Lakini tazama tena kalenda. Vikundi vingi huvunja mzunguko Desemba ili wanachama wapate fedha ya Krismasi na sare za Januari. Mgao unafanyika, sanduku linabaki tupu, mzunguko mpya unaanza kwa hisa za kusuasua. Januari na Februari, miezi ya unga ghali, kikundi hakina cha kukopesha. Mama aliyekuwa na sauti Oktoba anakwenda kwa kausha damu Januari. Kuhamisha mgao kutoka Desemba, au kuacha robo ya akiba isigawanywe mpaka Aprili, ni uamuzi wa kikao kimoja, wala hauhitaji mfadhili.

Je, vikundi vianzishe ghala la pamoja la nafaka? Hapa nakuwa mwangalifu. Nchi za Sahel zilijaribu benki za nafaka kwa mamia kuanzia miaka ya 1970, kwa msukumo wa makanisa na mashirika, na nyingi zilikufa. Kamati zilinunua wakati mbaya, ziliwakopesha ndugu wasiolipa, na mwaka ambao bei haikupanda mtaji uliyeyuka. Ghala la biashara linataka mfanyabiashara. Kwa hiyo mimi nasema kaya ziweke chakula chao nyumbani kwenye mifuko isiyopitisha hewa, na ghala la pamoja libebe kitu kimoja tu: nafaka ya sadaka na zaka, isiyouzwa, inayosubiri Januari. Mzigo mdogo, hesabu rahisi, kishawishi kidogo.

Fedha ya msitu

Kuna mshiriki mpya mezani. Vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika, Mwese na Lwega vikiwamo, vinalinda misitu ya Ntakata na kuuza hewa ukaa kupitia kampuni ya Carbon Tanzania. Fedha iliyoingia vijijini ni mabilioni ya shilingi. Imejenga madarasa, zahanati na nyumba za watumishi. Kijiji chenye akaunti kubwa kuliko ya parokia ni jambo geni katika historia ya eneo hili, ambako tangu Karema mpaka TCRS mwenye fedha alikuwa mgeni.

Lakini msitu unaolindwa ni shamba lisilofunguliwa. Aliyezoea kuhama na kufyeka pori jipya udongo unapochoka sasa abaki na ekari zake azirutubishe. Mwenye ardhi nyingi ataishi vizuri na mpango huo. Mhamiaji wa juzi asiye na shamba, au kijana aliyegawiwa kipande cha mwisho cha baba yake, analipa gharama ya msitu kwa tumbo lake. Haki inataka sehemu ya fedha ya msitu imrudie mtu huyo kama mbolea, mbegu, mifuko ya kuhifadhia au mlo wa mtoto wake shuleni. Tangu elimu bila ada ianze 2016, chakula cha mchana cha mwanafunzi wa kutwa kimeachwa kwa mzazi, na mzazi asiye na mahindi Februari hachangii mahindi Februari. Madarasa mapya yenye watoto wenye njaa ni matumizi ya kustaajabisha ya fedha ya kijiji.

Mwamuzi wa fedha hii ni mkutano mkuu wa kijiji. Humo padri, shehe na mchungaji ni wanakijiji wenye kura moja kila mmoja, na wenye masikio mengi nyuma yao. Wakinyamaza, hoja ya jengo itashinda hoja ya uji, kwa sababu jengo hufunguliwa kwa sherehe na huwekwa jiwe la msingi lenye jina.

Njaa iliyojificha

Nimezungumza juu ya magunia kana kwamba ugali ndio chakula chote. Udumavu haujali magunia. Mtoto anayelishwa uji wa mahindi matupu mara mbili kwa siku atadumaa katika nyumba yenye magunia thelathini. Siku elfu moja za kwanza, tangu mimba mpaka umri wa miaka miwili, ndizo zinazoamua, na Katavi ina jeraha lake hapo: katika utafiti wa 2015-16, asilimia 45 ya wasichana wa mkoa huu wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Mama ambaye mwili wake bado unakua anagawana lishe na mtoto wake tumboni. Viongozi wa dini wanaolaani mimba hizo kwa sauti kubwa wangefaa zaidi wakiuliza binti huyo amekula nini leo, na nani alimfungisha ndoa.

Serikali imesaini mkataba wa lishe na wakuu wa mikoa, na halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa mwaka. Elfu moja hainunui trei ya mayai. Itanunua mafunzo, mizani na usafiri wa mhudumu wa afya, mengine ni ya jamii. Maharage yanalimwa Mwese kwenyewe. Dagaa wanatoka ziwani, Ikola na Karema, ingawa bei yake hutegemea pia maamuzi ya uvuvi, kama mwaka 2024 ziwa lilipofungwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei. Karanga zipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mamlaka ya mama juu ya kile kinachouzwa na kinachobaki, na hilo ni jambo la ndoa, kwa hiyo ni jambo la mimbari. Mahubiri machache kwa wanaume juu ya kutouza maharage yote yangeweza kushinda semina za mwaka mzima.

Na mahindi yenyewe yawe salama. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu wapatao 20 Dodoma na Manyara. Nafaka ya sadaka iliyorundikwa kwenye chumba chenye unyevu nyuma ya sakristia inaweza kumdhuru yule yule aliyekusudiwa kusaidiwa. Ikaushwe, ipimwe, ifungwe.

Kinachowazuia

Kwa nini hawafanyi pamoja? Nionavyo mimi, sababu ya kwanza ni kwamba kila dhehebu hulisha wake. Sababu ya pili ni hofu: msaada wa chakula umewahi kutumiwa kama chambo cha kuvuta waumini, na kila upande unamshuku mwenzake. Kisha kuna mradi wa mfadhili, unaokuja na nembo yake, kikundi chake kipya na tarehe yake ya kufa. Kijiji kinakuwa na vikundi vitano vya watu wale wale wanaobadilisha fulana.

Dawa yake ni orodha moja. Kaya zitakazovushwa zipangwe na wawakilishi wa jumuiya za Kikatoliki, makanisa mengine, msikiti, VICOBA na serikali ya kijiji wakikaa pamoja, kisha orodha isomwe hadharani, kama inavyofanyiwa ile ya kaya za Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF). Mwislamu maskini alishwe na mavuno ya Wamoravian bila kuulizwa kitu, na Mkristo vivyo hivyo na zaka pale wanazuoni wanaporuhusu, au na sadaka ya kawaida ambayo haina mjadala. Wafugaji wa Kisukuma walioko pembezoni, ambao wengi hawako kwenye orodha ya dini yoyote, waingizwe kwa kutafutwa. Hao ndio watakaosahaulika kwanza.

Kwa hiyo ombi langu kwa wazee wa makanisa na misikiti ya Mwese ni dogo na lina tarehe. Msiuze sadaka yote ya mavuno yajayo. Nusu yake ibaki nafaka, ndani ya mifuko isiyopitisha hewa, ufunguo uwe kwa watu watatu wa dini tofauti, na ifunguliwe wiki ya pili ya Januari. Kina mama wa vikundi, ahirisheni mgao wa Desemba. Serikali ya kijiji, nunueni mifuko kwa fedha ya msitu. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu; unaopaswa kuamua haya ni ule wa kabla ya Mei. Wa Januari utakuwa umechelewa.